Anayemfunza muuguzi naye afunzwe kufunza

Ukilazwa katika hospitali ya umma humu nchini, huenda mtu wa kwanza kukugusa asubuhi akawa mwanafunzi wa uuguzi. Atakupima joto na presha, ataandika kwenye karatasi iliyoning'inizwa kitandani, na pengine yeye ndiye atakayetafuta mshipa wa mkono ili dripu ianze kuingia. Akiupata mara ya kwanza, utamshukuru. Akiukosa mara tatu, utamlaumu yeye, au utailaumu hospitali.

Ni nadra mgonjwa kumfikiria mtu mwingine ambaye huenda hata hayupo wodini wakati huo, naye ni mwalimu wa mwanafunzi yule. Je, alimwonyesha namna ya kuupapasa mshipa kabla ya kuuchoma? Alisimama kando akamtazama akifanya mwenyewe? Alimrekebisha bila kumwaibisha mbele ya mgonjwa? Na mwalimu huyo, nani alimfunza kufunza?

Swali hili la mwisho ndilo linalowakuna vichwa wataalamu wa elimu ya uuguzi ulimwenguni kote. Siku hizi, anayetaka kufunza wauguzi katika chuo kikuu hutakiwa kuwa na shahada ya uzamifu, ile inayompa mtu jina la daktari hata kama si tabibu. Ni jambo jema. Lakini shahada hiyo humfunza mtu kutafiti. Kufunza ni kazi nyingine, yenye ujuzi wake, na ujuzi huo hauji wenyewe pamoja na joho la mahafali.

Safari ya muuguzi wa Amukura

Ili tuelewane vizuri, tumchukue muuguzi mmoja wa kubuni. Anafanya kazi Amukura, katika eneo la Teso Kusini, kaunti ya Busia. Hatutampa jina kwa sababu ni mfano tu, lakini njia anayopitia inajulikana na wauguzi wengi wa mpakani.

Alianza kwa diploma ya miaka mitatu, tuseme katika bewa la Busia la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, chuo ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1927. Alipofaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya akasajiliwa, na akaanza kazi. Amezalisha akina mama usiku kwa taa ya simu, ametibu watoto wenye malaria, na amewapima presha madereva wa malori wanaosubiri zamu yao ya kuvuka Malaba.

Baada ya miaka kadhaa anataka kufunza. Kwanza atarudi shuleni atafute digrii. Vyuo vikuu vilivyo karibu naye ni Masinde Muliro cha Kakamega, Moi cha Eldoret na Baraton huko Nandi. Kama hawezi kuacha kazi, kuna mipango ya watu walio kazini. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2001 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2005 shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi walianza kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti ili wapate diploma bila kuhama vituo vyao.

Baada ya digrii kuna shahada ya uzamili, ambayo huchukua miaka miwili hivi. Hapo sasa ndipo anapofika mlangoni pa uzamifu. Kwa masomo hayo huenda akalazimika kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka nyumbani, au aombe nafasi ng'ambo.

Ndani ya uzamifu mna nini?

Wengi hudhani kwamba uzamifu ni kusoma vitabu vingi zaidi na kufanya mitihani migumu zaidi. Sivyo. Mwanafunzi wa uzamifu huchagua swali moja ambalo bado halijajibiwa, kisha hulitafutia jibu kwa njia ambayo wataalamu wengine wanaweza kuikagua.

Muuguzi wetu, kwa mfano, ameona kwamba akina mama wengi wanaofika kliniki ya wajawazito huja mimba ikiwa na miezi sita au saba. Kwa nini hawaji mapema? Je, ni umbali, nauli ya bodaboda, woga wa kupimwa, au ni kwa sababu baadhi yao huishi upande wa Uganda na huvuka tu tarehe zinapokaribia? Swali hilo anaweza kulifanyia utafiti.

Kwanza atasoma yaliyoandikwa na wenzake. Ataandika pendekezo na kulitetea mbele ya wahadhiri. Ataomba kibali cha kamati ya maadili, ili wanawake atakaowahoji wasidhulumiwe, na leseni ya utafiti kutoka kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Halafu atakusanya habari, azichanganue, na aandike tasnifu. Mwisho atasimama mbele ya watahini aulizwe maswali hadi jasho limtoke. Kwa kawaida kazi hiyo haipungui miaka mitatu, na kwa mtu aliye kazini, mwenye watoto na karo ya kutafuta, huweza kuwa mitano au zaidi.

Akimaliza, atakuwa amechimba kisima kimoja hadi chini kabisa. Atajua kutofautisha utafiti wa kweli na porojo. Ataweza kuwaambia wakuu wa hospitali kwamba jambo fulani linafaa au halifai, na awaonyeshe ushahidi.

Lakini angalia jambo moja. Katika safari hiyo yote, mara nyingi hakuna mtu aliyemwambia atayarishe somo la saa moja. Hakuna aliyekaa nyuma ya darasa akimsikiliza. Hakufunzwa kutunga swali la mtihani linalopima akili badala ya kumbukumbu. Kisha Jumatatu moja anakabidhiwa darasa la vijana 60 na kuambiwa: "Daktari, wafunze."

Mwalimu wa darasa la kwanza na mhadhiri

Hapa pana kinyume ambacho kila mzazi anaweza kukiona. Mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Amukura hawezi kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, bila kusomea ualimu. Amefunzwa jinsi mtoto anavyojifunza, amefanya mazoezi ya kufundisha, na amekaguliwa akiwa mbele ya wanafunzi.

Mhadhiri wa chuo kikuu hasajiliwi na TSC. Sharti kuu analowekewa ni kiwango cha shahada. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo uliotaka wahadhiri wawe na uzamifu, na waliokuwa na uzamili wakapewa miaka mitano wautafute. Mwongozo huo ulizua ubishi mkubwa, hasa katika fani kama uuguzi ambazo wenye uzamifu, na hivyo wasimamizi wa tasnifu, ni wachache. Baadhi ya wauguzi huamua kuchukua uzamifu wa afya ya jamii au wa elimu kwa sababu huko ndiko kuliko na wasimamizi.

Hatusemi kwamba mwongozo ulikosea kudai elimu ya juu. Tunasema kwamba chombo kinachopima shahada peke yake hakiwezi kujua kama mwenye shahada anaweza kufunza.

Zamani mambo yalikuwa kinyume

Ajabu ni kwamba masomo ya udaktari kwa wauguzi yalianzia kwenye ualimu. Mpango wa kwanza unaotajwa na wanahistoria ulianza mwaka 1924 katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hicho kilikuwa chuo cha walimu, na muuguzi aliyesoma hapo alitayarishwa kuwa mwalimu wa wauguzi wenzake.

Baadaye wauguzi walianza kudai kwamba uuguzi ni sayansi kamili, si mkono wa daktari tu, na kwamba unahitaji watafiti wake. Vyuo vikaanzisha uzamifu wa uuguzi wenyewe, ambao kiini chake ni utafiti. Mwaka 2004 vyuo vya uuguzi vya Marekani vikakubaliana kupanua aina nyingine ya udaktari, inayolenga huduma kwa mgonjwa. Aina zote mbili zina faida. Lakini katika kuhama huko, somo la kufunza likawa kama mgeni aliyesahauliwa kituoni. Leo hata Marekani kwenyewe wakuu wa vyuo hulalamika kwamba wahitimu wa uzamifu huingia darasani bila maandalizi ya ualimu.

Kwetu pia historia inafanana. Walimu wa kwanza wa wauguzi wa Kenya walitoka Uingereza au walikwenda kusomea huko. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza diploma ya juu ya uuguzi, iliyowatayarisha wauguzi wenye uzoefu kuwa walimu na wasimamizi. Digrii ya uuguzi ilianza chuoni humo mwaka 1992. Kenya haikuwa nyuma katika uongozi wa fani hii. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa muuguzi mkuu wa taifa, alichaguliwa kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1981, akawa Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho.

Kwa nini fundi hodari hushindwa kueleza?

Kuna watu wanaosema kwamba muuguzi aliyefanya kazi miaka 20 hahitaji kufunzwa ualimu. Ujuzi anao, basi awape wanafunzi. Hoja hii ina kasoro, na kasoro hiyo imechunguzwa.

Mwaka 1984 muuguzi na mtafiti wa Marekani, Patricia Benner, alichapisha kitabu kilichoeleza hatua tano ambazo muuguzi hupitia, kutoka mgeni wa kazi hadi bingwa. Alitumia mawazo ya ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliokuwa wamewachunguza marubani na wachezaji wa sataranji. Mgeni wa kazi hufuata kanuni moja baada ya nyingine. Bingwa hafikirii kanuni tena. Akiingia wodini hutupa jicho mara moja na kujua kwamba yule mama wa kitanda cha nne hali yake inabadilika, kabla ya mashine kuonyesha chochote.

Ukimuuliza bingwa huyo amejuaje, huenda akakujibu, "Nimeona tu." Ni jibu la kweli, lakini halimsaidii mwanafunzi. Kwa hiyo kadiri muuguzi anavyozidi kuwa hodari, ndivyo anavyozidi kusahau ngazi alizopanda. Mwalimu aliyefunzwa kufunza anajua kurudi chini na kuzihesabu ngazi hizo upya, moja baada ya nyingine, mbele ya mwanafunzi.

Turudi kwenye dripu. Kwa mtu aliyezoea, ni kazi ya dakika chache. Kwa mwalimu, ni mlolongo wa hatua: kusoma maagizo na kuhakikisha jina la mgonjwa, kumweleza anachotaka kufanya, kunawa mikono, kufunga mkanda, kuchagua mshipa, kusafisha ngozi, kuingiza sindano kwa pembe inayofaa, kuangalia damu ikirudi, kufungua mkanda, kubandika plasta, kupima kasi ya matone, kuandika saa. Mwanafunzi aonyeshwe kwanza, kisha ajaribu kwenye mkono wa plastiki katika chumba cha mazoezi. Aendelee hivyo mpaka mwalimu aridhike, na ndipo aende kwa mgonjwa, mwalimu akiwa kando yake.

Upimaji nao una mbinu zake. Mwanafunzi anaweza kuandika insha nzuri juu ya kuzalisha na ashindwe kumshika mtoto. Ndiyo maana mwaka 1975 daktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza mtihani wa vituo. Mwanafunzi huzunguka kutoka meza moja hadi nyingine, na kila mahali hupewa kazi ya kufanya kwa dakika chache huku mtahini akiweka alama kwenye orodha iliyotayarishwa. Mtihani huo sasa hutumiwa katika vyuo vya uuguzi na udaktari duniani kote. Lakini kuutayarisha vizuri ni kazi kubwa. Orodha ikiwa mbaya, mwanafunzi mzembe atapita na mzuri ataanguka.

WHO inasemaje?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa ujuzi ambao kila mwalimu wa uuguzi anapaswa kuwa nao. Ujuzi huo umegawanywa katika mafungu manane:

1. Kuelewa jinsi watu wazima wanavyojifunza.
2. Kutunga mtaala na kuutekeleza.
3. Kuendelea kuwa stadi katika kazi ya uuguzi yenyewe.
4. Utafiti na kutumia ushahidi.
5. Mawasiliano na ushirikiano.
6. Maadili, sheria na heshima ya kazi.
7. Kupima wanafunzi na kutathmini masomo.
8. Uongozi na utetezi.

Hebu msomaji yahesabu mafungu hayo tena. Utafiti, ambao ndio moyo wa uzamifu, ni fungu moja kati ya manane. La kwanza, la pili na la saba ni ualimu mtupu. La tatu linamtaka mwalimu asiihame wodi kabisa, maana aliyekaa ofisini miaka 10 huweza kufunza dawa ambayo imeacha kutumiwa.

Je, basi uzamifu hauna maana?

La hasha. Kuna sababu mbili za kuuheshimu.

Kwanza, wauguzi waliosoma zaidi huokoa maisha. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken katika nchi tisa za Ulaya. Uligundua kwamba kila idadi ya wauguzi wenye digrii ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa aliyepasuliwa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 7. Ulaya si Busia, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba digrii peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Hata hivyo unatuambia jambo la kutilia maanani. Na wauguzi wenye digrii hawapatikani bila wahadhiri wa kuwafunza.

Pili, kuna maswali ambayo muuguzi pekee ndiye atakayeyauliza. Amukura yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana walianzisha mpango wa AMPATH wa kutibu virusi vya ukimwi, na kliniki yake mojawapo ikafunguliwa Amukura. Mpango huo uliunganisha mambo matatu ambayo mara nyingi hutenganishwa: kutibu, kufunza na kutafiti. Wagonjwa walipoongezeka kuliko matabibu, baadhi ya waliokuwa na hali nzuri walianza kuhudumiwa na wauguzi badala ya kumwona tabibu kila mara.

Je, utaratibu kama huo ni salama? Muuguzi anapaswa kufunzwa nini zaidi kabla ya kukabidhiwa kazi hiyo? Dalili gani zimfanye amrudishe mgonjwa kwa tabibu? Hayo ni maswali ya utafiti, na muuguzi mwenye uzamifu aliyetoka huko huko ana macho ya kuyaona. Wasipokuwapo watu kama huyo, wanafunzi wetu watasoma vitabu vilivyoandikiwa hospitali ambazo kila mgonjwa ana mashine yake, kisha watumwe kwenye zahanati yenye kitanda kimoja.

Kwa hiyo hatutaki muuguzi aache utafiti ili awe mwalimu. Tunataka awe na vyote viwili, kama mkulima anavyohitaji jembe na mbegu.

Majirani wamefanya nini?

Jambo la kutia moyo ni kwamba Afrika Mashariki ina mahali pa kujifunza kufunza. Uganda ina chuo cha walimu wa masomo ya afya huko Mulago, Kampala. Tanzania ina CEDHA mjini Arusha, kituo kilichokusudiwa kuwaendeleza wakufunzi wa vyuo vya afya. KMTC nayo hutoa kozi ya diploma ya juu ya ualimu wa masomo ya afya kwa wanaotaka kuwa wakufunzi.

Kitendawili ni hiki: kozi hizo zilikusudiwa hasa wakufunzi wa vyuo vya cheti na diploma. Matokeo yake ni kwamba anayefunza diploma huweza kuwa amesomea ualimu, hali anayefunza digrii, mwenye uzamifu, hakuusomea.

Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam kilijaribu kuziba pengo hilo. Kuanzia mwaka 2005 kilishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco kurekebisha mitaala na kuwanoa wahadhiri katika kufunza. Kundi la wahadhiri wa fani mbalimbali, uuguzi ukiwamo, lilisomea ualimu kisha likawafunza wenzao. Hapakuwa na haja ya kumtuma kila mmoja ng'ambo.

Kwa upande wa uzamifu, muungano wa CARTA, ulioundwa mwaka 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwasaidia watumishi wa vyuo vya Afrika, Nairobi, Moi na Makerere vikiwamo, kupata uzamifu wa afya wakiwa vyuoni mwao. Wanafunzi hukutana kwa semina nne katika kipindi cha masomo. Mpango kama huo ukitiliwa na mazoezi ya kufunza yanayokaguliwa, muuguzi wa Amukura atatoka akiwa amekamilika.

Gharama yake

Kila muuguzi anayekwenda kusoma huacha pengo wodini. Kaunti zilipochukua huduma za afya mwaka 2013, ruhusa za masomo na mishahara ya walio masomoni zikawa jukumu lao. Gavana anayehesabu wauguzi wachache alio nao haoni raha kumwachilia mmoja kwa miaka minne. Na akirudi, huenda chuo kikubwa cha jiji kikamchukua, au nchi ya nje. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko.

WHO ilisema katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na bado walipungua milioni 5.8. Katika soko kama hilo, mwalimu wa uuguzi ni mali adimu. Nchi inaweza kujenga madarasa kwa mwaka mmoja. Mwalimu mmoja mwenye uzamifu, ukihesabu tangu diploma, huchukua miaka 15 au zaidi.

Chuo Kikuu cha Alupe, kilicho karibu na Amukura, kilipata hati yake mwaka 2022. Busia sasa ina chuo kikuu chake, bewa la KMTC, hospitali ya rufaa na wagonjwa wa nchi mbili. Vifaa vya kupikia vipo. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba wapishi wamefunzwa na hawaondoki.

Ushauri

Kwa muuguzi anayefikiria uzamifu, uliza maswali haya kabla ya kulipa karo:

Je, mpango huu una somo la ualimu, au naweza kulichukua katika kitivo cha elimu? Nitapewa darasa la kufunza nikiwa na mtu wa kunikagua na kunieleza makosa yangu? Msimamizi wangu ana wanafunzi wangapi tayari? Nitaendelea kugusa wagonjwa katika miaka hiyo? Mwajiri wangu ameandika kwamba nitarudi kazini, au ameahidi kwa mdomo tu?

Kama jibu la maswali mawili ya kwanza ni hapana, usikate tamaa. Tafuta kozi fupi ya ualimu wa afya kabla ya kuanza au baada ya kumaliza. Omba kukaa katika darasa la mwalimu anayesifiwa na wanafunzi, umtazame anavyouliza maswali na anavyonyamaza akingoja jibu.

Kwa wakuu wa vyuo, mnapomhoji mtu kwa kazi, msisome cheti peke yake. Mpeni nusu saa afunze jambo moja dogo, kisha waulizeni wanafunzi walichoelewa. Mhadhiri mpya asipewe darasa peke yake muhula wa kwanza. Na mwalimu mzuri apandishwe cheo kwa ufundishaji wake pia, si kwa idadi ya makala aliyochapisha peke yake. Anayejua kwamba muda anaotumia wodini na wanafunzi hauhesabiwi, ataupunguza.

Na kwa msomaji ambaye leo au kesho atakuwa mgonjwa, usimfukuze mwanafunzi wa uuguzi kitandani pako. Bila wagonjwa wanaokubali, hakuna muuguzi atakayefuzu. Lakini una haki ya kujua kwamba ni mwanafunzi, na una haki ya kumwuliza kwa upole: "Mwanangu, mwalimu wako yuko wapi?" Akija mtu akasimama kando yake, akamwelekeza taratibu na kukutuliza wewe, nyoosha mkono. Asipokuja mtu, omba aitwe.

Swali hilo likiulizwa na wagonjwa wengi, litafika ofisini kwa wanaopanga bajeti upesi kuliko ripoti yoyote.